Historia ya Tabby Watiri Mathenge, Aliyeandikiwa Kwamba Anaweza Kufanya Kazi

Wapendwa mliotoka Chaka, Kenol na hapa nyumbani Othaya kuja kutushika mkono, anayesimama mbele yenu ni Gikonyo, mdogo wake Watiri, aliyetumwa na familia kusoma haya, na kabla hajaanza anaomba radhi kwa jambo moja. Katika mkutano wa kupanga mazishi, wazee wawili walishauri kwamba, kama ilivyo desturi, tuandike kuwa marehemu aliugua kwa muda mfupi, akalala. Familia ilikataa, kwa kuwa hakuugua kwa muda mfupi, na uwongo ukishachapishwa kwenye programu ya mazishi hukaa katika makabati ya watu miaka mingi.

Watiri alizaliwa tarehe 9 Machi 1974 huko Kagere, akiwa kifungua mimba wa marehemu mzee Dedan na mama Murugi, ambaye tunaye hapa mstari wa mbele. Alianza shule ya msingi mwaka wa 1981, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1988, akapita vizuri na kuingia kidato cha kwanza, lakini mwishoni mwa mwaka wa 1990 mama alijifungua mapacha akiwa hana nguvu, na Watiri, bila kuambiwa na mtu, alikunja sare yake ya shule akabaki nyumbani kuwalea. Mmoja wa mapacha hao ndiye anayewasomea.

Alichuma majani chai kwa miaka kumi na moja, kisha tarehe 4 Februari 2002 akaajiriwa kiwandani, katika chumba cha kuchekechea, mahali ambapo chai iliyokauka hutenganishwa na vumbi lake, na vumbi hilo, kwa wale wasiolijua, ni jepesi hata halianguki, linaelea tu, linaingia kwenye nywele, kwenye chakula na kifuani. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili bila kukosa zamu pasipo sababu, na wenzake wanajua kwamba aliyekuwa na mtoto mgonjwa alimwendea Watiri kwanza kuomba wabadilishane zamu.

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa kanisani na Mathenge, fundi seremala mzaliwa wa Chaka, wakajaliwa watoto wawili, Mwai aliyezaliwa mwaka wa 1998 na Wendy aliyezaliwa mwaka wa 2003. Ilikuwa nyumba ya kelele na vicheko, kwa maana Watiri alikuwa mtu wa utani, hata mume wake alimwita mama mkwe kila alipotaka kumchokoza, naye Watiri akimjibu kwamba mahari yake bado inadaiwa.

Kikohozi kilianza mwaka wa 2017. Daktari wa hospitali ya hapa karibu, aliyemhudumia kwa uaminifu hadi mwisho, alimpima, akampa inhela ya kuvuta dawa, na mwaka wa 2022 akamwandikia barua ya kurasa mbili akisema wazi kwamba mapafu yake yameharibiwa na vumbi la chai, kwamba hayatapona, na kwamba asirudi katika chumba kile hata siku moja. Kiwanda kilisema barua ya daktari mmoja haitoshi, kwamba ili Watiri aachishwe kazi kwa sababu ya ugonjwa na kupata haki yake, lazima apimwe na bodi ya madaktari watatu mjini Nyeri, na bodi ikisema hawezi, ataondoka na pensheni ya ugonjwa, na ikisema anaweza, atarudi alikotoka au aache kazi mikono mitupu. Hilo ndilo lililokuwa mezani, ndugu zangu, jambo moja tu, kama mtu huyu atatolewa kwenye vumbi au atarudishwa ndani yake.

Chumba cha bodi hiyo, ambayo kazi yake ni kuwapima wagonjwa na walemavu, kiko ghorofa ya tatu, na jengo halina lifti. Tarehe 18 Aprili 2023 Watiri alipanda ngazi kumi na nne, akakaa chini akihema, karani akashuka kumwambia kwamba madaktari hawashuki, na ilipofika saa saba faili lake likafungwa kwa neno moja, kwamba hakufika. Alisubiri nyumbani miezi kumi na moja kupata tarehe nyingine. Kwa hiyo hesabu yao ni hii, na familia inataka isikike vizuri na kila aliye chini ya hema hili: ukishindwa na ngazi, hukuja, na ukizishinda, u mzima.

Safari ya pili, tarehe 12 Machi 2024, tulijipanga. Mathenge alichukua kiti cha jikoni akakipigilia miti miwili ya kubebea, na jirani yetu Ouko, askari polisi aliyepanga nyumba ya pili kutoka kwetu, akaomba ruhusa kazini aje kusaidia, akamwambia Watiri, "Mama, wewe kaa tu, hii ngazi haiwezi tushinda." Watiri mwenyewe alikuwa amelala siku mbili mfululizo ili kuweka akiba ya pumzi, akasukwa nywele, akavaa rinda lake la ushirika na kitambaa cha akina mama wa kanisa, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyolelewa sisi, mtu haendi mbele ya wakubwa na nguo za shambani, haendi ofisini kulialia, na aibu ya nyumba haianikwi kwenye ua wa watu.

Gikonyo na Ouko walimbeba hadi juu. Zikiwa zimebaki ngazi mbili, aliwaambia wamshushe, kwamba hataki kuingia kwa daktari akibebwa kama gunia la viazi. Walibishana naye, akashinda, kama alivyotushinda siku zote. Alikaa kwenye benchi robo saa, akajipangusa jasho, akavuta inhela, kisha akaingia kwa miguu yake, amenyooka, na daktari alipomuuliza hali yake akamjibu kama anavyojibu Mkristo yeyote wa hapa anapoulizwa na mtu wa heshima, "Niko sawa, daktari, Mungu ni mwema, ni kupumua tu inanisumbua kidogo."

Kifaa cha kupuliza kinachopima pumzi hakikutumika, ati vile vidomo vyake vya kupulizia vilikuwa vimeisha. Barua ya kurasa mbili haikufunguliwa, na tunajua hivyo kwa sababu Wendy, aliyeingia pamoja na mama yake, aliitia katika bahasha mwenyewe, na bahasha ilirudi na gundi yake. Madaktari watatu walimtazama kwa dakika sita, wakaandika, na familia inasoma maneno yao kama yalivyo: "Amepanda hadi ghorofa ya tatu na kuingia bila msaada. Ni nadhifu. Anasema yuko sawa. Anafaa kuendelea na kazi yake ya kawaida. Anaweza kupimwa tena baada ya miezi kumi na miwili."

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini Nyeri kuna watu watatu wanaoijua kuliko maiti. Walichukua adabu ya mwanamke wakaiita afya. Laiti angeingia ameloa, anatambaa, anapiga mayowe, huenda leo tungekuwa naye, na ni laana gani hii, kwamba mama wa watu apewe haki yake kwa sharti la kujivua heshima kwanza? Familia ina hasira, wapendwa, na haitaificha kwa sababu kuna wageni.

Tulikata rufaa, tukaambiwa tungoje. Jumatatu tarehe 8 Aprili 2024 Watiri alirudi chumba cha kuchekechea, kwa kuwa barua ilisema anafaa, na wenzake walimficha kadiri walivyoweza, wakambebea magunia, wakampa nafasi ya dirishani. Alifanya kazi miezi minane na siku chache. Tarehe 20 Desemba alianguka penye mashine, akalazwa, akawekewa oksijeni, na Ijumaa tarehe 17 Januari 2025, saa nne asubuhi, Mathenge akiwa amemshika mkono, alitutoka akiwa na umri wa miaka hamsini na miezi kumi.

Kibali cha mazishi kilitolewa siku ya tatu, ghorofa ya chini, kwa muda usiofika nusu saa, na hakuna aliyetuuliza kama marehemu alikuwa nadhifu. Kinasema kilichomuua ni mapafu yaliyoharibiwa na vumbi. Tarehe aliyopangiwa kupimwa tena ni 11 Machi mwaka huu, na familia haijaifuta. Siku hiyo Mathenge, Mwai, Wendy na Gikonyo watapanda hadi ghorofa ya tatu, jina la Watiri litakapoitwa wataingia, na wataweka kibali hiki juu ya meza ya wale madaktari watatu, na hawatatoka mpaka kisomwe. Asiyeogopa ngazi aje.

Familia inamshukuru daktari wetu wa hapa kwa barua yake ya kweli, na muuguzi Risper aliyemgeuza kitandani kila saa na kumwimbia kwa lugha ya kwao ambayo Watiri hakuielewa lakini aliipenda. Tunamshukuru Ouko, ambaye tangu leo si jirani bali ni mtoto wa nyumba hii, wanawake wa chumba cha kuchekechea, ambao tunawaomba waende wakapimwe vifua wiki hii, na kanisa, na majirani walioleta kuni, maji na mahema.

Dada, pumzika kwa amani, uvute pumzi yako hadi mwisho wake. Sisi amani yetu tutaidai tarehe 11 Machi.