Mama Sifuri Anaanza Kuhesabu

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha sayansi ya michezo na mazoezi, Mama Sifuri anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Walioajiriwa juzi hudhani jina hilo limetokana na alama anazotoa. Wamekosea, ingawa si sana.

Alikuwa na miaka arobaini na minane, na vipindi kumi na sita kwa wiki, alipojiandikisha kusomea shahada ya uzamivu. Msimamizi wake alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, ambaye Mama aliwahi kumtoa darasani kwa kuvaa ndala. Asubuhi alifundisha, mchana akafundishwa, na karatasi za mtihani alizisahihisha kwenye foleni ya benki.

Mumewe, seremala, alimtengenezea benchi la utafiti. Sisi wafanyakazi wenzake sitini, wapishi, madereva na makarani, tulilipanda na kulishuka kwa dakika tatu, kisha wanafunzi wake wakatuhesabia mapigo ya moyo kwa vidole na saa. Mimi nilimaliza nikitafuta kiti kwa macho.

Miezi mitatu kabla ya kuwasilisha tasnifu, akisimamia mtihani wa vitendo, aliona jambo. Baadhi ya wanafunzi waliwasha saa pamoja na pigo la kwanza, wakaliita moja. Lilipaswa kuitwa sifuri. Kwa kuwa walihesabu sekunde kumi na tano na kuzidisha mara nne kupata mapigo ya dakika, moyo uliongezewa mapigo manne ambayo haukupiga. Wengine walihesabu sawasawa, na nani alihesabu vipi haikujulikana.

Msimamizi alimshauri aandike aya moja ya tahadhari, mambo yaishe. Angenyamaza, hakuna ambaye angegundua. Badala yake aliingia darasani akawaambia wanafunzi: "Kosa ni langu. Somo hili nililifupisha ili niwahi kwa msimamizi wangu. Tunaanza upya."

Tukapanda tena, wote sitini. Mpishi mkuu alinuna wiki nzima, kisha akaja wa kwanza. Shahada ilichelewa mwaka mzima, na ukuu wa idara aliokuwa akiungojea akapewa mwingine. Jambo hilo liliniuma, na linaniuma bado. Yeye alisema tu kwamba kawia ufike, akarudi kusahihisha. Alifika akiwa na miaka hamsini na mitano.

Tangu hapo hakuna anayeshika mkono wa mtu katika maabara yetu bila kutamka kwa sauti: sifuri, moja, mbili. Hata msimamizi wake hufundisha hivyo.

Ahsante, Mama, kwa kututoa jasho mara mbili. Benchi litabaki nasi; saa nenda nayo. Asubuhi utakapoamka huna kipindi wala tasnifu, usiiite siku ya kwanza. Hiyo ni sifuri. Anzia hapo, uhesabu taratibu, na tunakuombea hesabu ndefu.