Maisha ya Vernita Pettway na Shule Aliyoipa Jina la Mama

Katika kanisa letu wasifu hausomwi kwa sauti. Kwenye ratiba huandikwa "usomwe kimyakimya," kinanda kinapigwa taratibu, na kila mtu anainamia karatasi yake. Marehemu aliagiza wake usomwe kwa sauti. Mama yetu, Lurlean, aliishia darasa la tatu, na misibani alikuwa akifungua karatasi wenzake wanapofungua na kuikunja wanapokunja. Vernita alikaa karibu naye na kuona. Kwa hiyo nasoma, mimi Charlene, mdogo wake. Mchungaji amenipa dakika saba. Mnisamehe nikipotea, maana tangu Alhamisi ile sijui vizuri kitangulie nini kifuate nini.

Najua pia kuna swali hapa mtaani. Wengine wamelileta mpaka sebuleni kwangu, na sahani ya makaroni mkononi: ilikuwaje mwanangu Janae akakosa nafasi katika shule ya mama yake mkubwa? Nitasema ninachokijua. Si chote.

Vernita Tolliver alizaliwa Forrest City, Arkansas, tarehe 9 Machi 1957 kwa mujibu wa cheti. Biblia ya babu inasema tarehe 7. Alipoulizwa ipi ni ya kweli, alijibu kwamba ya saba ni ya Mungu, ya tisa ni ya serikali, na yeye atakula keki siku zote mbili. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Eddie na Lurlean Tolliver. Mwaka 1964 wazazi walihamia hapa Milwaukee, Baba akapata kazi kwenye kiwanda cha ngozi.

Alianza shule hapa upande wa kaskazini, akamaliza sekondari mwaka 1975, na mwaka 1979 akapata shahada ya hisabati. Lakini kufundisha alianza mapema zaidi, akiwa na miaka kumi na miwili, kwenye ngazi za nyuma ya nyumba. Alikuwa na daftari la mahudhurio lenye jina la kaka yetu Cleophus, majina ya watoto wa jirani, na la mbwa wa jirani. Cleophus anasema mpaka leo kwamba mbwa yule alipewa alama nzuri kuliko zake.

Alifundisha hisabati katika shule za jiji kwa miaka ishirini na minne. Mwaka wake wa mwisho alipokea darasa la tisa lenye wanafunzi thelathini na wanne. Alikuwa ameanza kuwafuatilia waliowatangulia, mmoja mmoja, kujua nani alimaliza darasa la kumi na mbili. Kati ya kila watatu alikuwa akimkuta mmoja tu aliyemaliza. Sikujua kwamba jambo hilo lilikuwa likimla mpaka aliponiambia, Juni 2003, kwamba ameacha kazi.

Kabla ya hapo, tarehe 22 Juni 1985, alikuwa ameolewa na Wendell Pettway, fundi wa mabomba. Walikutana majira ya baridi, maji yalipoganda nyumbani kwa Mama. Wendell alikuta jikoni kumefurika.

"Nani amefungua bomba hili?" akauliza.

"Mimi. Nimesoma kitabu," akajibu Vernita.

"Na kitabu kilisema ulifungue au ulipasue?"

Mama alisema hakuwahi kumwona Vernita akikosa jibu kabla ya siku ile. Hawakujaliwa mtoto. Shemeji Wendell alitutoka mwaka 2011, baada ya kuweka kila bomba lililomo ndani ya shule ile bila malipo.

Shule yenyewe ilimchukua miaka miwili. Kila Jumamosi alisimama kwenye saluni, kwenye nyumba za kufulia nguo, nje ya makanisa, akitafuta wazazi wa kutia sahihi kwamba wataleta watoto wao. Alipata duka la fanicha lililofungwa, Mtaa wa Center. Nilikwenda kumsaidia kubeba meza, nikamuuliza maana nilikuwa sielewi.

"Da Vernita, hii ni ya serikali au ni ya mtu binafsi?"

"Ya serikali. Hailipiwi ada."

"Basi bosi wako nani?"

"Jiji limenipa mkataba wa miaka mitano. Watoto wasiposoma, wanaufuta."

"Yaani umeacha kazi yenye bima na pensheni, ukaomba kazi ambayo watu wanaweza kuifunga?"

"Ndiyo, Charlene. Sasa shika upande huo tubebe."

Nilishika. Mpaka leo sijaelewa, lakini nilishika.

Shule ya Sekondari ya Lurlean Tolliver ilifunguliwa Jumanne tarehe 6 Septemba 2005, ikiwa na wanafunzi sabini na wanne. Mama alikata utepe. Miaka minne baadaye walihitimu arobaini na mmoja. Watu walipiga makofi. Yeye aliniuliza pembeni wale thelathini na watatu wako wapi, kana kwamba mimi nimewaficha. Mwaka jana, kati ya sitini walioanza, walihitimu hamsini na sita.

Mnajua jinsi watoto wanavyoingia pale. Waombaji wakizidi viti, sheria inataka kura ya hadharani. Vernita aliazima kwa jirani zetu Wakatoliki pipa la waya wanalochezea bingo, na Mchungaji, aliyetupatia ukumbi wa chini ya kanisa, aliliona.

"Vernita, unaniingizia kamari kanisani?"

"Mchungaji, nipe njia nyingine, nami nalirudisha sasa hivi."

Mchungaji akafikiri. "Haya. Lakini kabla ya ibada lifunikeni kitambaa."

Wasiopitia kura ni ndugu wa wanafunzi waliomo, na watoto wa walimu na wa mwanzilishi. Mwaka 2019 Janae alikuwa anamaliza darasa la nane. Mwezi Februari nilichukua fomu mahakamani, ile ya kumpa mtu mwingine ulezi wa mtoto, nikaijaza na kumpelekea dada yangu, ili Janae ahesabiwe mtoto wa mwanzilishi. Wapo humu waliowahi kufanya hivyo kwa shangazi au bibi ili mtoto apate shule, na wanajua mkono unavyokuwa mzito.

"Weka sahihi tu, dada. Ni karatasi."

"Unanipa mtoto wako, Charlene?"

"Nakupa kwenye karatasi. Atalala kwangu."

"Hakimu haoni anakolala. Anaona karatasi."

Lakini aliichukua, akaitia kwenye mkoba. Jumamosi tarehe 16 Machi tulikaa ukumbini, waombaji mia mbili na kumi na mmoja kwa viti sitini. Nilidhani jina la Janae limeshatolewa pipani. Likatoka la mia na thelathini na nane. Nilisimama mbele za watu, na wengi wenu mlinisikia.

"Vernita! Mtoto wa damu yako!"

"Kila mtoto humu ana damu. Kaa chini, mdogo wangu, tumalize."

Sikukaa. Niliondoka, na kwa miezi ishirini sikusema naye. Tulirudiana bila kuligusa jambo lenyewe: wakati wa korona aliacha sufuria ya maharage mlangoni kwangu, nami nikairudisha ina mchuzi wa kuku. Janae alikwenda shule nyingine, akasomea kitandani kwenye kompyuta wakati shule zimefungwa, na darasa la kumi na moja akaacha. Sasa anafua mashuka kwenye nyumba ya wazee na anajisomea mtihani wa wakubwa walioacha shule. Sisemi kwamba ni kosa la mtu. Namwangalia kila asubuhi anavyofunga kamba za viatu, najiuliza.

Oktoba 2022 madaktari walimkuta Vernita na saratani ya kongosho. Aliendelea kufika shuleni mpaka wiki ya kwanza ya Desemba, akikaa kwenye kiti pale mlangoni na kumwita kila mtoto kwa jina. Baada ya hapo nilimuuguza nyumbani kwake. Wiki ya mwisho alinituma nitafute miwani ndani ya mkoba wa zamani, nikaikuta ile fomu. Ilikuwa na sahihi yake, na muhuri wa kamishna wa viapo, wa tarehe 14 Machi 2019. Siku mbili kabla ya kura.

Hiyo ilikuwa Jumatatu, na akili yake ilikuwa safi.

"Da Vernita, uliweka sahihi."

"Niliweka."

"Mbona hukuipeleka?"

"Niliipeleka mpaka ngazi za mahakama. Pale chini nikakutana na mama mmoja na binti yake, wameomba nafasi. Akaniuliza, 'Mama Pettway, kura yenu ni ya kweli, au mna watu wenu?' Nikamwambia ni ya kweli. Basi miguu ikagoma kupanda."

Nililia, nikamshika mkono. Jumanne nilimleta Janae ili naye asikie kwa masikio yake. Nikamwomba aeleze tena.

"Ile karatasi? Niliisahau kwenye mkoba, jamani. Wiki ile boila ya kupashia shule joto ilikufa, hata kula nilisahau."

"Lakini jana umesema uliishia kwenye ngazi."

"Ngazi gani, Charlene?"

Janae akacheka, kisha akatoka nje. Jumatano Vernita alilala kutwa nzima. Alhamisi tarehe 12 Januari 2023, saa nne asubuhi, alifariki, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Jibu la Jumatatu ndilo mtakalopenda kulikumbuka, nami pia nalipenda. La Jumanne linafanana naye kabisa. Alikuwa mtu wa kusahau sufuria jikoni mpaka moshi umwite. Nimeandika yote mawili kwa sababu yote mawili aliyasema, na aliyesema hayupo tena wa kuulizwa.

Ametanguliwa na wazazi wetu na mumewe. Ameacha mdogo wake wa kiume Cleophus na mkewe Bernadine. Mimi mdogo wake. Watoto watatu wa Cleophus. Walimu ishirini na wawili. Na wanafunzi mia mbili na thelathini na wanane, waliokaa kule nyuma na mashati yao ya bluu.

Tulipokuwa tukipanga majina, Janae aliuliza ajiandike wapi. Nilimwambia kwenye watoto wa ndugu. Akasema, "Mama, na ile sahihi?" Nilimwambia mahakama haina habari nayo. Akasema, "Lakini Mama Mkubwa alikuwa nayo." Kwa hiyo mtaona kwenye karatasi zenu jina lake liko peke yake kwenye mstari, si kwa watoto, si kwa watoto wa ndugu. Msidhani mchapaji amekosea.

Janae Renée.

Mungu ampe dada yetu utulivu ambao shule haikumpa.