Mama Fungua-Funga na Alama ya Inchi

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika Bohari Kuu ya Idara ya Maji, mtunza kanzidata wetu anastaafu rasmi leo, tarehe 30. Jina lake la kwenye kitambulisho wanalijua watu wa utumishi. Sisi wengine, kuanzia mlinzi wa geti hadi mkurugenzi, tunamwita Mama Fungua-Funga, na yeye huitika kwa sauti inayofika mpaka kwenye rafu za mabomba.

Aliajiriwa akiwa karani wa kupiga chapa, mwembamba kama uzi kwa maelezo yake mwenyewe, ingawa picha tulizoziona hazikubaliani naye. Enzi hizo kila kifaa cha bohari kilikuwa na kadi yake kwenye kabati la bati. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wengi wetu tuliipitia mbali, tukiogopa kuiharibu. Yeye alivuta kiti akaketi mbele yake. Akaenda kozi, akarudi, akatufundisha kwa ukali na vichekesho, na mwishowe ndiye aliyehamisha bohari nzima kutoka kwenye kadi hadi kwenye kanzidata. Fomula zinazotengeneza lebo ya kila boksi mnaloliona humu ni kazi ya mikono yake.

Ni mtu wa kupenda vitu vifungwe. Acha kopo la sukari wazi uone. Mumewe, ambaye ni fundi cherehani, anasema nyumbani kwao hata kijaluba cha vifungo hukaguliwa kabla ya kulala. Lakini watumishi wapya wanaodhani jina lake lilitoka kwenye kopo la sukari wamekosea. Lilitoka kwenye alama ndogo kuliko punje ya mchele, na siku ambayo alama hiyo nusura ituumbue.

Mabomba yetu mapya hupimwa kwa milimita, ya zamani kwa inchi, na inchi huandikwa kwa vijistari viwili juu ya namba, hivi: 6". Kwenye kibodi, vijistari hivyo ndiyo alama ya kunukuu. Sasa, ndani ya fomula alama hiyo ina kazi nyingine. Ya kwanza huiambia kompyuta kwamba maneno yanaanza, ya pili huiambia yamekwisha. Ukitaka alama yenyewe itokee kwenye lebo, kompyuta hudhani umeshafunga, inagoma, na kukuletea ujumbe mwekundu.

Alipokuwa akiandika fomula ya lebo, Mama alizozana na ujumbe huo asubuhi nzima. Kisha akapata njia ya mkato. Alichukua alama ile ya kwenye neno ng'ombe, akaipiga mara mbili. Kwa macho ilifanana kabisa na alama ya inchi. Lebo zikachapwa, akatuita tuzitazame, nasi tukazisifu sana maana zilipendeza kweli. Maboksi yakapangwa upya kwa namba za rafu na kadi za zamani zikapelekwa makao makuu.

Haukupita muda, bomba kuu la inchi sita linalopeleka maji hospitalini likapasuka. Ilikuwa asubuhi, siku ya kazi. Tangi la hospitali lingeweza kuhimili mpaka jioni tu, na katika wodi ya wazazi alikuwamo binti yake Mama, aliyepelekwa alfajiri kwa uzazi wake wa kwanza. Mama alikuja kazini simu ikiwa kiganjani, akasema akikaa nyumbani atapasuka yeye badala ya bomba.

Mafundi walitaka kiungo cha inchi sita. Mzee wetu wa kaunta akaandika 6" kwa kidole kimoja, kompyuta ikajibu hakuna. Akaandika tena, hakuna. Mhandisi akaanza kupiga simu mji jirani, akaambiwa mzigo utafika kesho. Mama alisikia, akatoka ofisini mbio.

"Vipo! Lebo zake nimezibandika mimi mwenyewe, mzee wangu!"

"Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Mashine ndiyo inasema hakuna."

Tangu siku hiyo mzee huyo anaitwa Mzee Hakuna, na ameshazoea. Mama alimsogeza, akaandika mwenyewe, akapata jibu lilelile. Akainama akaitazama alama hiyo kwa karibu.  Alikuwa ameshaelewa. Mzee aliandika alama ya kunukuu, lebo ilikuwa na alama mbili za ng'ombe. Jicho la mtu haliwezi kuzitofautisha, lakini kompyuta haina huruma wala haikisii.

Angeweza kuisingizia mashine, na sote tungemwamini. Badala yake aligeuka akamwambia mhandisi, mbele ya mafundi na madereva, kwamba kosa ni lake na atalitengeneza yeye. Mimi, karani wa usafirishaji, nilikuwa nimesimama pale na funguo za gari mkononi. Nimeona watu wakipewa vyeti humu ndani, lakini heshima niliyompa siku ile sijampa mtu mwingine.

Akaandika ile alama ya ng'ombe mara mbili, namba ya rafu ikatokea, kiungo kikapakiwa, gari likaondoka. Tulipodhani mambo yamekwisha, mafundi wakapiga simu kutoka kwenye shimo. Ufa ulikuwa umefika kwenye vali, nayo ikabidi ibadilishwe. Vali zilikuwa bohari ndogo, upande wa pili wa mji, na kule pia kompyuta ilikuwa ikijibu hakuna. Mama akampigia karani wa kule, akamwelekeza aweke alama ya ng'ombe mara mbili. Baada ya muda yule bwana akajibu, kwa adabu zote, kwamba ametafuta ng'ombe mara mbili na bohari yao haina ng'ombe.

Tulicheka mpaka machozi, hata mhandisi. Mama naye alicheka, kisha akakata simu, akaketi. Alisema hatatibu kidole kimoja kimoja wakati mwili mzima unaumwa. Akafungua mwongozo, akausoma kwa sauti kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Jaribio la kwanza likaleta ujumbe mwekundu. La pili vilevile. Halafu akaona alichokuwa amekiruka muda wote ule, kimstari kinachoinamia nyuma, kinachotangulia alama. Akaandika hivi:

kipimo & "\""

Alama mbili za nje, alitueleza baadaye, ni mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Ile ya katikati ni mgeni. Kimstari kimemshika mgeni mkono ili kompyuta isimdhanie ni mlango. Akabonyeza, na lebo zote za inchi ndani ya kanzidata ya bohari zetu zote zikajirekebisha kwa mpigo. Yule bwana wa bohari ndogo akaandika 6" kama mtu mwingine yeyote, na vali ikatokea. Mzee Hakuna alipiga meza kwa furaha, chai yake ikamwagika. Kopo la sukari, kwa bahati nzuri, lilikuwa limefungwa.

Maji yalirudi hospitalini kabla tangi halijakauka. Mama alikuwa bado kwenye kiti chake simu ilipoita, na mara hii alikuwa muuguzi. Binti yake amejifungua salama, mtoto wa kike, na wanamwogesha kwa maji yaliyotoka bombani muda uleule. Mama alilia bila kujificha, nasi tukalia naye. Mtoto yule tulimwita Inchi Sita. Sasa yuko darasa la sita, na anasisitiza kwamba ni sadfa tu.

Toka hapo kila aliyepita mikononi mwa Mama alisomeshwa somo moja: aliyefungua afunge, na hapo ndipo jina lake lilipozaliwa. Bohari za miji mingine zilimwalika kufundisha, fomula yake ikaenea, na simu za vali zilizopo lakini hazipatikani zikakoma. Hata hivyo, miezi hii ya mwisho tulimwona hana raha. Kustaafu hakukumtisha. Kilichomsumbua ni kwamba fomula ikigoma baada yake, atakayeifunga ni nani? Alitufundisha sote, lakini hakuwahi kumwona hata mmoja wetu akiandika fomula peke yake.

Basi ajue. Juma lililopita Mzee Hakuna alijifungia ofisini mwa Mama, mwenyewe akiwa likizo. Ujumbe mwekundu ulimrudia mara kadhaa, akautukana kidogo, akaendelea kwa kidole chake kimoja. Bomba lile la zamani limeshang'olewa. Mchomeleaji wetu amekisugua kile kiungo cha siku ile mpaka kinang'aa, na leo Inchi Sita ndiye atakayemkabidhi bibi yake. Lebo iliyobandikwa juu ya kiungo hicho imetoka kwenye fomula ya Mzee Hakuna, hakuna aliyemsaidia, na inasomeka hivi:

Kiungo cha 6". Mali ya Mama. Yeye alituambia: "Aliyefungua afunge."

Zikague alama zote, Mama, kama kawaida yako. Kila iliyofunguliwa imefungwa, na ile ya inchi imesimama mahali pake. Tunakushukuru kwa ukali, kwa vicheko, na kwa siku ile uliposema kosa ni lako. Nenda ukapumzike na mumeo, ukamlee Inchi Sita, maisha mema yakusindikize mpaka nyumbani. Na huku nyuma usigeuke kuangalia. Mlango tutaufunga sisi.