Nusu Debe la Mwalimu Ansbert

Mheshimiwa Bwana Jumbe, uliyekubali kukaa kwenye benchi letu lisilo na mgongo, Bwana Hatim Bandali, mwenye ua huu tunaoukanyaga kila jioni, wazee wenzangu wa Temeke na wa Kinondoni, akina mama, vijana wa chama chetu cha ngumi: nawasalimu kwa heshima, na waliokosa pa kukaa nawaomba radhi.

Tumekuja kumuaga Mwalimu Ansbert. Kesho anapanda gari moshi kwenda Mwanza, na kutoka Mwanza atachukua meli hadi Bukoba. Nimepewa kazi ya kusema kwa sababu mimi na yeye tumezaliwa kando ya ziwa lile lile. Tofauti yetu ni kwamba yeye anarudi. Mimi nilitoka kijana kufuata kazi ya ukarani, nikahamishwa boma hili hadi lile, na migomba ya baba yangu sasa inapaliliwa na watu nisiowajua. Lakini leo si siku yangu.

Mwalimu alipotufikia baada ya vita, akitoka jeshini alikokuwa akifundisha mazoezi ya viungo, alikuta vijana wenye nguvu za kutisha. Wengi wenu ni wachukuzi wa bandarini. Mlikuwa mkija hapa jioni mkinyanyua vyuma vya reli na kupimana vifua. Aliyewapiga kwa mbele alijiumiza mkono. Je, mmesahau ilivyokuwa mliposukumwa ubavuni? Mlikwenda chini kama magunia mliyoyabeba mchana.

Mwalimu hakuwaongezea uzito, aliwapunguzia. Alileta debe, akatia maji nusu, akasema: lishike kwa mkono mmoja, zunguka ua, kiwiliwili kisiinamie upande wowote, kisha badili mkono. Debe lililojaa hutulia. Maji ya nusu debe hukimbia huku na huku, na kila yakikimbia, kiuno, nyonga na kifundo cha mguu hulazimika kuyazuia. Nguvu hiyo, alisema, ndiyo inayomweka bondia wima, wala haionekani kwenye kioo.

Nani hapa asiyekumbuka kicheko cha pale bombani? Bi Mwanabaraka, naona unajificha nyuma ya upande wa khanga.

“Mwanamume mzima, nusu debe!” ulisema. “Kaka zangu, nyie mnaumwa?”

“Njoo ulibebe wewe, dada,” Mwalimu akakujibu. “Kwa mkono, si kichwani.”

Ulilichukua kwa madaha, ukafika kwenye kona ya duka la Bwana Hatim, maji yakakumwagikia hadi miguuni. “Maji haya yana shetani!” ukapiga kelele, na Bwana Hatim akatoka dukani kuuliza nani ameoga mlangoni pake.

Baada ya debe yalifuata mazoezi ya mguu mmoja. Kwanza kwenye ardhi ngumu, halafu juu ya gunia la pumba linalobonyea: kuchuchumaa kwa mguu mmoja, polepole, na kuinuka. Aliyeshuka kwa kishindo alirudishwa juu aanze tena. Mwenye nguvu hupanda kwa urahisi, Mwalimu alituambia. Misuli hujifunza wakati wa kushuka. Mtu akishalizoea gunia, alifumba macho. Akizoea kufumba macho, mwenzake alimgusa bega kwa kiganja bila kumwonya.

Sasa niseme la Adelard, ambalo wengi mnalijua nusu. Mwaka jana alipigwa ubavuni, mguu wake wa kushoto ukajipinda chini yake, goti likavimba kama papai. Mama yake, Ma Yustina, mjane ambaye hana mtoto mwingine, alikuja katika ua huu akiwa bado na mwiko mkononi.

“Ta Ansbert,” alisema, akimwita kwa heshima ya kwetu, “goti hili likiteguka mara ya pili, utambeba wewe mgongoni?”

“Sitambeba, Ma. Nipe muda nilijenge.”

“Chukua muda. Lakini siku utakayoondoka, kama bado anayumba, utaondoka naye. Migomba haimpigi mtu ngumi.”

Mwalimu akakubali. Adelard hakuulizwa. Akaanza upya kama mtoto, miguu yote miwili chini, debe likiwa na maji ya kufunika kitako tu. Wenzake walipigana Jumamosi kwa Jumamosi. Yeye alizunguka ua na debe lake. Na wiki iliyopita, tarehe ya safari ilipokuwa imeshajulikana, Ma Yustina alifunga sanduku la mwanawe kwa kamba, akaja ulingoni kumwona akipigana, akakaa mbele.

Mliona wenyewe. Ngumi ikaja pale pale, ubavuni. Nilimtazama mama, sikumtazama kijana. Alishika ukingo wa benchi. Kisha nikaona vidole vyake vinaachia ubao kimoja kimoja, nikageuka: goti la kushoto lilikuwa limekunjika kidogo, likapokea uzito wote, likarudi. Adelard alishindwa kwa pointi. Naam, alishindwa. Lakini alishindwa akiwa wima.

Jumapili baada ya misa nilipita kwa Ma Yustina. Mashati ya Adelard yalikuwa yameanikwa uani. Sanduku lilikuwa wazi, na kamba yake ndiyo iliyokuwa imegeuzwa kamba ya nguo.

Kwa hiyo, Mwalimu, kesho unasafiri peke yako, na jioni Adelard atayasimamia mazoezi. Maji yatabaki nusu, tumekubaliana.

Utakapofika nyumbani, wazee wataniulizia. Usiwaahidi kwamba naja. Waambie umeniacha mahali pasipo pangu, na kwamba nimejifunza kusimama.

Bwana Jumbe, ndugu zangu, mmenivumilia vya kutosha, nami nawashukuru kwa masikio yenu. Sasa tumpe Mwalimu mkono wa safari.