Mwalimu Gwantwa na Tisa Zisizokoma

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mwalimu Gwantwa Kibona anastaafu, baada ya kufundisha hisabati kwa miaka thelathini na miwili, mingi kati ya hiyo akiwa hapa shuleni kwetu. Nimeombwa niandike wasifu wake wa kusoma kwenye hafla hii ya kumuaga kwa sababu meza zetu zimepakana muda wote aliokuwa hapa, ingawa mimi ni mwalimu wa Kiswahili na hesabu zangu anazijua. Rasimu ya kwanza aliisoma, akaisifu lugha, kisha akasahihisha miaka.

Alizaliwa Ikinga, wilayani Ileje, katika familia ya wakulima. Kazi alianzia Msangano, kule Momba, akavumilia joto la bondeni kwa miaka kadhaa kabla ya kupandishwa huku Mbozi kwenye baridi yake aliyoizoea. Amewafundisha wauguzi, mafundi umeme, wafanyabiashara wa Tunduma na baadhi ya walimu tulio nao leo. Matokeo ya hisabati, ambayo zamani tuliyatazama kwa jicho moja, siku hizi tunayabandika ukutani bila kuombwa.

Kalamu yake nyekundu haikuwa na mchezo. Mwanafunzi aliyeandika theluthi moja kuwa sifuri nukta tatu tatu, akaishia hapo, alikosa alama. Madam alitaka kale kanukta juu ya tatu, kaonyeshe kwamba tatu zinaendelea bila kukoma. Wanafunzi walikuja kunilalamikia mimi, eti wananyimwa alama kwa ajili ya kanukta. Niliwapa pole na kuwarudisha kwake.

Jambo jingine lililomkera ni watu kusema ovyo kwamba kitu hakina mwisho. Mwanafunzi mmoja alipotoa mfano wa foleni ya malori ya Tunduma, alimjibu kwamba foleni hiyo ina mwisho, amuulize dereva wa lori la nyuma kabisa. Kikubwa sana na kisicho na mwisho ni vitu viwili, alisema, na watu wazima wanavichanganya kila siku. Safari iliyofuata ya kwenda mpakani, basi la shule lilipofika kwenye lori la mwisho pale eneo la Mpemba, alisimama akawaonyesha kwa kidole. Basi zima lilicheka, na yule mwanafunzi alicheka kuliko wote.

Sisi walimu nasi hatukupona. Siku moja wakati wa chai alituambia kwamba sifuri nukta tisa, tisa zikifuatana bila kukoma, si karibu na moja, ni moja yenyewe. Nilibisha. Nilihisi lazima kuna chembe inayokosekana huko mwishoni. Akaniambia nitaje ukubwa wa hiyo chembe. Kila nilichotaja, hata kiwe kidogo namna gani, tisa zilikuwa zimeshakipita, na mwisho niliousema haukuwepo. Alisema tunakosea kwa kuwa tunazisoma tisa mojamoja, tunadhani na namba yenyewe bado inatembea, kumbe imetulia mahali pake tangu mwanzo. Nilikubali kwa mdomo, lakini moyoni niliendelea kuitunza chembe yangu mpaka siku tuliyokwenda Itaka.

Restuta, karani wetu, kwao ni Itaka. Baba yao alipofariki aliwaachia yeye na kaka zake wawili, Ezron na Boazi, shamba moja la kahawa na agizo la kugawana sawa. Ezron ana duka Tunduma, na siku ya kugawana alikuja na kalkuleta yake ya dukani, ambayo haijawahi kumwangusha mbele ya mteja wa upande huu wala wa Zambia. Akagawa moja kwa tatu, kioo kikajaa tatu. Akazidisha kwa tatu ili kuhakikisha, kikatokea sifuri nukta na tisa tupu. Wakatazamana. Shamba lilikuwa moja na sasa halikufika moja, kwa hiyo kuna baki. Hakuna aliyejua baki hiyo ni pana kiasi gani, basi wakakadiria kwa macho, wakatenga mistari miwili ya mibuni kule chini mtoni mpaka ieleweke ni ya nani.

Haikueleweka. Ezron alisema baki ni ya mkubwa. Boazi alisema ni ya aliyebaki nyumbani kuhudumia mibuni. Restuta alisema ni ya anayeishi na mama. Mistari ile haikupogolewa, magugu yakafika kiunoni, na ndugu wale wakaanza kuchuma kahawa kila mtu siku yake. Kwao kuchuma ni kazi ya familia nzima, mama anapika chungu kimoja na wote wanakula humo humo shambani. Mama yao, Bibi Enesi, macho yalikuwa yanafifia. Alimwambia Restuta kwamba haombi kingine, anataka awaone wanawe wakichuma pamoja kabla hajaacha kuona kabisa. Restuta alitusimulia ofisini huku analia, nasi tukampa pole. Mwalimu Gwantwa naye alimpa pole, halafu akauliza kama kuna mtu mwenye kamba ndefu.

Tulikwenda Jumamosi. Shamba limekaa mstatili, kwa hiyo Mwalimu aliivuta kamba kwenye upana wote, pamoja na ile mistari ya mtoni, akaikata pale upana unapoishia. Akawaambia ndugu watatu waikunje mikunjo mitatu iliyo sawa. Kamba ndefu namna ile mtu mmoja haiwezi. Ezron alishika upande mmoja, Boazi wa pili, na Restuta akakaa katikati kuwaelekeza nani avute na nani alegeze. Walikuwa hawajasemezana tangu msimu uliopita. Walianza kwa kuonyeshana vidole, wakaja kwenye maneno, na mikunjo ilipolingana Boazi alikuwa ameshamtania kaka yake kwamba duka limemlegeza mikono.

Mwalimu akawauliza baki iko wapi. Boazi alitazama chini miguuni, kana kwamba imedondoka. Ezron akatoa kalkuleta mfukoni, akamwonyesha zile tisa.

“Hiyo mashine imeishiwa nafasi ya kuandika, baba,” Mwalimu alimwambia. “Kinachokataa kwisha ni kuiandika theluthi kwa desimali. Theluthi yenyewe inaisha, umeishika hapo mkononi.”

Ezron aliitazama kamba, akaitazama kalkuleta, akairudisha mfukoni. Bibi Enesi, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, aliomba apewe ile kamba. Akaipapasa mkunjo baada ya mkunjo, kisha akauliza kama mistari ya mtoni imo humo. Akaambiwa imo yote.

“Basi kaipogoeni,” akasema.

Waliipogoa siku ile ile, wote watatu, kabla hata ya kupigilia vigingi vya mipaka. Nilikuwa nimesimama pembeni nikiwashikia mapanga, na hapo ndipo chembe yangu iliponitoka. Msimu uliofuata walichuma pamoja, siku moja. Bibi Enesi aliwekewa kigoda chake kichwani mwa shamba, akawatambua kwa rangi za nguo, akawaita kwa majina mmoja mmoja. Leo haoni tena. Lakini ile siku aliiona.

Mwalimu Gwantwa, tunakushukuru kwa kalamu nyekundu, kwa ubishi wa saa ya chai, na kwa kamba ambayo mpaka leo haijarudi stoo. Urudi Ikinga ukiwa na afya, ulime unachopenda, ulale mpaka jua liwake, na maisha yako yawe mema kila siku. Nitakukosa sana hapo mezani, na hilo nalisema bila kukadiria.

Wageni wetu, kahawa mnayonyweshwa leo imeletwa na Bibi Enesi na wanawe. Imechumwa kwenye ile mistari miwili ya mtoni.