Kisilu Matheka na Kamba Iliyopungua

Bwana Kisilu Matheka anastaafu tarehe 30 Juni 1988, baada ya kuutunza uwanja wa tenisi wa Ukumbi wa Jamii wa Mwangaza kwa miaka ishirini. Sisi wafanyakazi wenzake tunamwita Bwana Matheka. Vijana wa mtaa, ambao adabu yao mnaijua, wanamwita Buda Chokaa, yaani mzee wa chokaa ya mistari, na ukweli ni kwamba asipokuwepo nasi tunamwita hivyo hivyo.

Aliajiriwa mwaka 1968 kufagia ukumbi na kufyeka nyasi. Uwanja wa tenisi wakati huo ulikuwa malisho ya mbuzi. Aliwafukuza mbuzi, akasawazisha udongo kwa pipa lililojazwa saruji, akajifunza mchezo kutoka kwa kitabu kisicho na jalada, kisha akaanza kuwafundisha watoto. Raketi zilizokatika nyuzi alizisuka mwenyewe. Harusi moja ilipotaka kuegesha magari uwanjani, alisimama langoni na reki yake mpaka bwana harusi akashuka kuomba radhi. Mkewe, Mama Ndindi, anasema hata nyumbani kwao hakuna anayethubutu kukanyaga zulia na viatu.

Kufikia 1975 watoto aliowafundisha walikuwa wakirudi na vikombe. Taabu ilianza walipotimiza miaka kumi na minane. Wakipanda kucheza na wakubwa, walitolewa raundi ya kwanza, tena vibaya. Watano waliacha mchezo, mmoja baada ya mwingine. Watu wakasema watoto wa mitaa yetu ya Eastlands hawana moyo wa kukabili wakubwa, na watoto wenyewe wakaamini. Wa mwisho kuacha alikuwa Nasike Khalayi, bingwa wa wasichana miaka miwili mfululizo, aliyekwenda kufunga sabuni kiwandani Industrial Area.

Siku Nasike aliposhindwa, mwaka 1979, Bwana Matheka alikuwa naye kwenye klabu moja ya mjini. Kwa mazoea ya kazi yake, baada ya mechi aliupima uwanja ule kwa hatua. Hatua zilizidi zile alizozoea kwetu. Akarudia, zikazidi tena. Jumatatu aliazima tepu ya seremala, akapima uwanja wetu, akakuta kila upande wa wavu umepungukiwa futi mbili. Kosa lilikuwa la kamba yake ya katani. Kila mwaka baada ya masika aliitumia kuchora mistari upya, na kwa kulowa na kukauka ilikuwa ikisinyaa na kupungua urefu kidogo kidogo bila yeye kujua. Watoto wakazoea kupiga mipira mifupi. Watoto wenzao hawakuwa na nguvu ya kuiadhibu, lakini wakubwa waliila kama mandazi.

Angeweza kuchora mistari mipya na kunyamaza. Hakuna aliyejua. Alikuwa na watoto wanne shuleni, na kosa la miaka mingi hivyo lingetosha kumfanya afutwe kazi. Hata hivyo alikwenda kwa meneja wetu, Bwana Gachanja, akasema yote, akakaa kungoja barua yake. Bwana Gachanja alimwambia aache kupoteza wakati, akachore mistari. Kisha Bwana Matheka akazunguka nyumba kwa nyumba, kamba begani, akawaeleza wale watano mbele ya wazazi wao kwamba hawakushindwa kwa woga wala uvivu, kwamba kosa lilikuwa lake. Mama Nasike alimpa chai, akamgombeza, akamwongezea chai.

Nasike alirudi, akifanya mazoezi Jumamosi baada ya zamu. Mwaka 1981 alishinda mechi yake ya kwanza ya wakubwa, halafu nyingine tatu. Leo ndiye anayewafundisha wasichana wetu. Na tangu wakati huo, kila anayefikisha miaka kumi na saba hapa hucheza kwanza msimu mzima na wanaume wa viwandani, ambao hawamhurumii mtu.

Mimi ninayeandika haya, Zedekiah Simiyu, karani wenu, ni mmoja wa wale watano. Sikurudi kucheza. Lakini kwa miaka mitatu nilikuwa nimeshaamini kwamba mimi si mtu wa kufika popote, na hata kazi nilikuwa siombi. Bwana Matheka aliketi kwenye kiti chetu kibovu, akamwambia baba yangu kosa si la kijana. Wiki iliyofuata niliandika barua ya kuomba kazi hii.

Bwana Matheka, wenzako tunakuombea afya njema na mapumziko matamu huko Machakos. Nami nakushukuru kwa kubisha mlango wetu siku ile. Baba yangu hakuniita tena mvivu.