Don Fidencio Arizpe, Aliyezifuta Dakika Zake Ishirini

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, Don Fidencio Arizpe anastaafu kazi ya kuwanoa makipa katika Chuo cha Soka cha Nogalera, hapa Saltillo. Ametumikia miaka ishirini na saba kasoro mwezi mmoja. Nimeombwa niandike mimi, mtunza uwanja, kwa sababu wote walioko ofisini leo walimkuta kazini, na mimi ndiye niliyegombana naye kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote.

Alianza Agosti 1998, akitokea kiwanda cha vigae alikokuwa akilisha tanuru. Kabla ya hapo alidaka misimu sita katika daraja la pili, akatoka huko na vidole vitatu visivyonyooka. Kila Agosti, mzazi alipoleta mtoto wa kuandikishwa kuwa kipa, Don Fidencio aliviweka vidole hivyo mezani, mzazi avitazame kwanza ndipo apewe kalamu ya kutia saini.

Ugomvi wetu ulikuwa wa nyasi. Makipa hupashia mwili mahali pamoja, mbele ya goli, na mbegu nilizomwaga Jumatatu zilikuwa vumbi kufika Jumamosi. Nilimwambia makipa wake ni mbuzi waliovaa glavu. Akanijibu kwamba mbuzi hulalamika akiwa na njaa, mimi hulalamika hata nikishiba. Mwisho tukakubaliana ahamie nyuma ya ghala langu, kwenye kipande cha udongo, na huko akaniharibia ukuta. Makipa walichovya vidole katika chokaa yangu ya kuchorea mistari, wakaruka na kugusa ukuta juu kadiri walivyoweza. Yeye alipima kila alama kwa futi ya seremala na kuiandika katika daftari.

Siku hizo aliwapasha watoto kama alivyopashwa yeye. Walikimbia mizunguko miwili, kisha wakakaa chini dakika ishirini: shika vidole vya mguu, tulia, hesabu mpaka thelathini, haya mguu wa pili. Halafu akina baba waliitwa kupiga mashuti makali kutoka hatua kumi, eti kipa aamke. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kila mtu mjini alifanya hivyo.

Januari 2009, asubuhi ya baridi kali, bomba la kumwagilia maji likapasuka. Uwanja ulifurika, nami nikawaomba makipa wanne wanisaidie kuzuia maji. Kwa robo saa walikimbia na vifuko vya mchanga, wakaruka mitaro, wakarushiana vifuko na kucheka. Don Fidencio alikuwa amechelewa kwa daktari wa meno. Alipofika, shavu limevimba, akawaambia waruke ukutani kwanza, kujinyoosha kungefuata. Alama zote nne zilizipita za wiki iliyotangulia kwa vidole viwili. Wakakaa chini, wakajinyoosha dakika ishirini kama kawaida, akawaambia waruke tena. Alama zikashuka. Alisimama akiutazama ukuta mpaka kahawa yake ikapoa. Kwa wiki mbili akarudia jambo lile, siku moja hivi, siku nyingine vile, na ukuta haukubadilisha jibu.

Vidole viwili ni kitu kidogo kwa mtu wa kawaida. Kwa kipa ndio umbali kati ya mpira uliopanguliwa juu ya mtambaa panya na mpira uliotikisa wavu.

Wakati huohuo palikuwa na jambo la Nereida Bustos. Alikuwa kipa wa miaka kumi na mitano kutoka Matehuala, akilala bwenini kwetu na kusoma mjini. Katika mechi tano alifungwa mabao sita, na matano kati ya hayo yaliingia ndani ya dakika kumi za kwanza. Baada ya hapo alidaka karibu kila kitu. Wazazi jukwaani walikuwa wameshamtungia wimbo: mwamsheni kipa, kumekucha. Kamati ya chuo ikapanga kumrudisha kwao. Akirudi, baba yake alishasema, atavaa aproni katika mgahawa wa shangazi na mambo ya shule yataishia hapo. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kukunja nguo zake.

Don Fidencio alikwenda kwenye kikao bila kuitwa, daftari kwapani. Mimi nilikuwa dirishani nikibadilisha kioo, kwa hiyo nilisikia. Mkurugenzi wa wakati ule, Bwana Ugarte, alimuuliza kama amekuja kumlilia mtoto.

“Kosa si la mikono yake,” Don Fidencio alisema. “Ni la dakika zangu ishirini. Mimi ndiye ninayemlaza, halafu tunakaa hapa kushangaa kwamba amelala.”

Bwana Ugarte alicheka kidogo. Akamuuliza kama anaelewa anachokiri: miaka kumi ya kuwapasha watoto wa watu vibaya. Akamkumbusha kwamba mkataba wake unakwisha Juni.

“Najua unapokwisha, bwana mkubwa. Nipeni Jumapili moja. Akifungwa mapema tena, tutaondoka wawili, na nauli ya basi nitajilipia.”

Wakampa Jumapili moja.

Alikuwa na siku tisa. Mtoto alianza kwa kukimbia polepole, kisha upande upande, kisha kurusha miguu mbele na nyuma kama anayefukuza mbwa. Mikono ikafuata. Halafu mipira, na hapo ndipo akina baba walipokasirika, maana Don Fidencio aliwakataza mashuti. Mipira ya kwanza ilirushwa kwa mkono, laini, ya kudakika. Alisema kipa anayeanza siku yake kwa kukosa mipira kumi huingia uwanjani akiwa ameshafungwa kumi. Kisha kujirusha chini, kuruka mara chache, na mwisho mipira mitatu ya haraka. Dakika kumi na nne, basi. Baba mmoja alisema hayo ni mazoezi ya harusi.

Jumapili ilikuwa ya ufunguzi wa mashindano ya mkoa, na kwetu ufunguzi ni hotuba. Timu hupangwa mstari katikati ya uwanja, mikono nyuma, na anayehutubia hana haraka. Siku ile diwani alizungumza dakika ishirini na mbili, upepo wa kaskazini ukikata masikio. Miaka yote makipa wetu walipasha mwili vizuri au vibaya, kisha wakasimama pale wakapoa kama uji. Don Fidencio alikuwa amemwambia Nereida avae koti juu ya jezi na asisimame, hata diwani amtazame vipi.

Kwa hiyo msichana akawa anarukaruka peke yake mwishoni mwa mstari. Mtangazaji akashika kipaza sauti.

“Binti mwenye glavu, vyoo viko nyuma ya jukwaa.”

Jukwaa zima likacheka. Nereida akaiva uso, akasimama, akamtazama mwalimu wake. Don Fidencio akatoka kwenye benchi, mtu wa karibu miaka hamsini na tumbo lake, akaenda kusimama kando yake na kuanza kurukaruka. Kicheko kikamhamia yeye. Mtangazaji akamuuliza kama naye amebanwa. Waliruka wawili mpaka diwani alipomaliza.

Dakika ya nne mshambuliaji wao alipiga mpira wa pembe ya juu, ule uliomfunga Nereida mara tatu msimu ule. Akaufikia kwa ncha za vidole, ukapita juu. Dakika ya saba akadaka mwingine chini, kushoto. Tulipoteza mechi kwa penalti ya kipindi cha pili, moja kwa bila, na hakuna aliyeimba wimbo. Jumatatu Bwana Ugarte alimwita matroni wa bweni, akamwambia kitanda cha Bustos kisiguswe.

Nereida alidaka hapa misimu mitatu zaidi. Hakuwa nyota. Leo ni mwalimu wa michezo katika shule moja huko Matehuala. Makocha wa vyuo vingine walianza kuja nyuma ya ghala langu kutazama, na Don Fidencio aliwapa daftari wanakili bila kuwaficha kurasa za miaka aliyokosea. Kwa waliotaka miujiza alikuwa na jibu moja: kupasha hakukupi mikono, kunafanya ile uliyonayo ifike kwa wakati.

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, huko kwetu Chiapas na katika mashamba ya njiani mpaka nikafika huku kaskazini. Wengi wao wakigundua kosa lao humtafuta mdogo wa kulibeba. Don Fidencio hakuhitaji hata kumtafuta. Kamati ilikuwa imeshampata, imeshamhukumu, na yeye alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Alikuwa na mke mgonjwa mwaka ule, na kiwanda cha vigae kilikuwa kimeshafungwa.

Asante, Don Fidencio, kwa niaba ya makipa mia moja na arobaini waliopita mikononi mwako, na ya sisi tuliolalamika. Mwaka ule ungeweza kutolewa hapa pamoja na msichana wa miaka kumi na mitano, kila mmoja na sanduku lake, mkisubiri basi. Leo unaondoka kwa siku uliyoichagua mwenyewe, na aliyekuja tangu jana kukubebea sanduku ni Nereida. Kaa vizuri huko Parras kwa dada yako, ule mkate wa moto, na uzee wako uwe mwepesi.